Kizazi kimetolewa, uke umebaki: mwongozo kamili wa kupima mabadiliko yanayotangulia saratani ya uke

Wanawake waliotolewa kizazi kwa ugonjwa wa shingo ya kizazi hukwama palepale kila mara. Mmoja anafika kituo cha afya kuomba kupimwa, anajibiwa "shingo huna, unapima nini?", anarudi nyumbani na nauli imeliwa. Mwingine anapakwa siki kama mwenye shingo, anaambiwa yuko salama, wakati kipimo kile hakikutengenezwa kwa ajili yake. Wa tatu hajui hata kilichokatwa kilikuwa na nini, kwa sababu majibu ya nyama, yaani majibu ya maabara ya kile kilichokatwa, hayakufuatwa.

Mwongozo huu ni wa mwanamke mwenyewe na anayemsindikiza. Hatua ya 5 imeandikwa kwa nesi au daktari anayechukua kipimo. Ikibidi, mwoneshe kwenye simu.

Kwa nini upimwe wakati kizazi hakipo

Kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi, hakikai kwenye shingo peke yake. Kinakaa pia kwenye ngozi laini ya uke, na kizazi kikiondoka, kirusi kinaweza kubaki. Mabadiliko ya awali ya uke, yanayoweza kugeuka saratani na ambayo madaktari huandika VaIN 1, 2 au 3, hutokea zaidi katika theluthi ya juu ya uke, karibu na kilele cha uke, yaani mwisho wa juu penye mshono wa upasuaji. Kwa kawaida hayaumi, hayawashi wala hayatoi damu. Ukisubiri dalili umechelewa.

Nani anahusika

Anayehitaji ufuatiliaji ni aliyetolewa kizazi pamoja na shingo, na majibu yake, ya kabla au ya baada ya upasuaji, yalionesha mabadiliko ya awali ya shingo ya daraja la juu, yanayoandikwa CIN 2 au CIN 3, au mabadiliko ya awali ya tezi za shingo, yanayoandikwa AIS.

Aliyetolewa kizazi kwa uvimbe wa fibroidi, kwa kupasuka kizazi au kwa damu nyingi baada ya kujifungua, akatolewa na shingo, na hajawahi kuwa na CIN 2 au zaidi, hahitaji. Kumpima kila mwaka ni kumchosha bure.

Aliyeachiwa shingo ni habari nyingine kabisa. Wapo waliotolewa kizazi nusu, hasa kwenye upasuaji wa dharura, na wanaamini hawana tena shingo. Huyo anaendelea kupima shingo kama wanawake wengine.

Aliyekutwa na saratani yenyewe hufuata ratiba ya kliniki ya saratani: kwa kawaida kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa tano. Asiichanganye na ratiba iliyoandikwa hapa chini. Kama alipigwa mionzi, papsmia yake (kipimo cha chembe zilizokwanguliwa na kuangaliwa kwa hadubini) husomeka kwa shida, kwa kuwa mionzi yenyewe hubadilisha sura ya chembe.

Usiyejua uko kundi gani, jihesabu kwenye kundi la kwanza mpaka karatasi ziseme vingine.

## Vitu vya kuandaa

Vya mwanamke:

- majibu ya nyama ya shingo, yaliyotolewa kabla ya upasuaji
- majibu ya nyama ya kizazi chenyewe, baada ya upasuaji
- karatasi ya kuruhusiwa, yenye jina la upasuaji na tarehe
- kadi ya CTC kama unatumia dawa za VVU, na kadi ya bima kama unayo
- daftari moja la afya, pedi moja na kanga ya ziada

Vya chumba cha kupimia:

- spekulamu (kifaa cha kufungulia uke) za ukubwa tofauti na taa inayoelekezeka
- chupa ya sampuli ya HPV na brashi yake. Kwa papsmia, spatula, vioo, penseli na alkoholi ya asilimia 95
- asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, na iodini ya Lugol
- kwa anayekata kinyama: koleo la biopsi, formalini ya asilimia 10, dawa ya Monsel au nitreti ya fedha ya kuzuia damu, na shashi

Ukienda bila karatasi mbili za kwanza, hata daktari mzuri atabaki kubahatisha. Piga picha kila karatasi na uitume kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini. Karatasi halisi itie kwenye mfuko wa plastiki. Kwa anayevuka Ziwa Victoria, hilo si jambo la kujadili.

## Hatua ya 1: Kabla ya kisu

Usikubali kutolewa kizazi kabla majibu ya nyama ya shingo hayajarudi. Sababu ni mbili.

Kwanza, CIN 3 mara nyingi haihitaji kutoa kizazi. Kuna kukata sehemu ya shingo kwa waya wa umeme, yaani LEEP, na kizazi kinabaki. Uliza kama umefikiriwa kwa hiyo.

Pili, na hili ndilo linaloharibu maisha: ikiwa ndani kuna saratani iliyokwisha kuchimba, upasuaji wa kawaida wa kutoa kizazi hautoshi. Majibu yakija baada ya kisu, matibabu yanayofuata yanakuwa magumu zaidi na nafasi ya kupona inapungua.

Kisha omba uke wenyewe uangaliwe kabla ya upasuaji, kwa kolposkopi (kifaa cha kukuza kinachoonesha uke kwa karibu) kama ipo, pamoja na iodini. Doa likiwa limetambaa kutoka shingoni hadi juu ya uke, daktari hupanga kukata kipande cha uke pamoja na kizazi. Lisipoonekana mapema, hushonewa ndani ya mshono. Likishafichwa huko, brashi hailifikii.

Umefaulu ukiwa na: karatasi ya majibu ya nyama mkononi, na maneno kwenye faili kwamba uke umeangaliwa na kilichoonekana.

## Hatua ya 2: Wodini

Kabla ya kuruhusiwa uliza mambo manne, na ndugu aliyekusindikiza ayaandike: Shingo imetolewa yote? Kuna kipande cha uke kilichokatwa? Mayai yameachwa? Nyama imepelekwa maabara gani, kwa namba gani?

Swali la mwisho ndilo husahaulika. Kuna mahali ndugu hukabidhiwa chombo chenye kizazi wakipeleke maabara wenyewe. Ukikabidhiwa, hakikisha kimezama kwenye formalini, si maji wala spiriti. Formalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Kiandikwe jina na tarehe kwenye chombo chenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kipeleke siku hiyohiyo.

Kwa wanaofanya kazi mwaloni: wiki 6 bila kubeba ndoo za dagaa, bila kuingia ziwani, bila tendo la ndoa. Mshono ukifumuka, ratiba yote inaharibika.

## Hatua ya 3: Kufuata na kusoma majibu ya kizazi

Majibu ya nyama huchukua siku hadi wiki kadhaa. Usingoje kupigiwa simu. Nenda na namba uliyoandika.

Tafuta maneno matatu kwenye karatasi, au mwombe daktari akuoneshe kwa kidole:

1. Daraja. CIN 1, 2, 3, AIS, au saratani. Karatasi nyingine huandika LSIL kwa daraja la chini na HSIL kwa la juu.
2. Kingo, yaani mipaka ya nyama iliyokatwa. Zikiwa safi, ugonjwa unaonekana kukatwa wote. Zikiwa na ugonjwa, hasa ukingo wa upande wa uke, kuna mabaki, na ufuatiliaji wako unakuwa wa karibu zaidi.
3. Uke. Kama kipande cha uke kilikatwa, kina nini?

Karatasi isiyotaja kingo irudishe maabara uombe ziandikwe. Maabara ikiwa bado ina nyama yako, hilo linawezekana.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nilitolewa kizazi chote na shingo mwezi fulani, majibu yalikuwa CIN 3, kingo safi."

## Hatua ya 4: Ratiba na maandalizi

Ukipima mshono ukiwa bado unapona, chembe za kupona husomwa vibaya. Madaktari wengi huanza mwezi wa 6 baada ya upasuaji. Mwongozo wa Marekani unataka kipimo cha HPV kila mwaka mara 3 mfululizo. Vyote vikiwa safi, kila baada ya miaka 3, kwa muda usiopungua miaka 25. Aliyepasuliwa mwaka 2020 akiwa na miaka 44 atapima mpaka 2045, akiwa na 69. Muda ni mrefu kwa sababu VaIN huweza kujitokeza miaka mingi baada ya upasuaji.

Uingereza, kwa muda mrefu, ilitumia papsmia ya mwezi wa 6 na wa 18 kwa wenye kingo safi, na ufuatiliaji mrefu zaidi kwa wasio nazo. Ukipewa ratiba ya namna hiyo, daktari hajakosea. Kosa ni kutopewa ratiba yoyote. Kama HPV haipimwi ulipo, papsmia inatumika, lakini hukosa zaidi, kwa hiyo irudiwe kwa ukaribu zaidi.

Anayeishi na VVU hufuatiliwa kwa karibu zaidi, kwa sababu kinga ikishuka HPV haiondoki kirahisi. Panga tarehe ya kipimo ilingane na ya kuchukua dawa CTC; nauli ni moja.

Saa 48 kabla ya kipimo: hakuna tendo la ndoa, hakuna dawa ya kuweka ukeni, hakuna kujisafisha ndani. Sabuni, ndimu na shabu viache kabisa, si siku mbili tu. Huchubua ngozi na kuua vijidudu vyema vinavyoulinda uke. Usipime ukiwa unatokwa damu nyingi au una ugonjwa wa fangasi ambao haujatibiwa. Tibu kwanza.

Aliyekoma hedhi, au aliyetolewa na mayai, ngozi ya uke wake huwa nyembamba. Inachubuka, inauma, na iodini haishiki vizuri. Daktari akiona hivyo huweza kutoa krimu ya estrojeni ya ukeni kwa wiki 3 hadi 6, kisha kipimo kirudiwe. Usijinunulie dukani.

## Hatua ya 5: Kipimo chenyewe

Jieleze mapema kabla hujapanda kitandani: "Shikamoo dokta. Mimi nilitolewa kizazi na shingo kwa sababu ya CIN 3. Majibu haya hapa. Naomba sampuli ya kilele cha uke, siyo kipimo cha siki cha shingo." Ukimaliza sentensi hiyo utajua upesi kama umefika pahali sahihi.

Zahanati na vituo vingi vya afya hupima kwa siki na kutibu siku hiyohiyo kwa kugandisha au kwa joto. Kwa shingo ni njia nzuri. Kwa kilele cha uke, usikubali kugandishwa wala kuchomwa kwa kifaa cha shingo. Ukuta wa uke ni mwembamba, kibofu kiko mbele na njia ya haja kubwa iko nyuma. Kina cha kuungua hakidhibitiki, na mwisho wake unaweza kuwa fistula.

Kwa nesi au daktari:

a) Fomu kwanza. Andika "kilele cha uke, baada ya kutolewa kizazi", sababu ya upasuaji, mwaka, na hali ya VVU. Msomaji wa maabara asipojua kwamba shingo haipo, ataandika "sampuli haitoshi, chembe za mfereji wa shingo hazikuonekana", na mama atarudishwa bure.

b) Spekulamu. Ilowanishe kwa maji. Jeli nyingi huharibu sampuli. Fungua taratibu mpaka mshono uonekane kama mstari wa mlalo.

c) Pembe mbili. Mshono ukiponya, kilele huvutika pande zote mbili, kulia na kushoto, kama masikio ya mfuko wa sandarusi. VaIN hujificha humo. Pitisha brashi ya ufagio au upande mpana wa spatula kwenye mstari wote, kisha ndani ya kila pembe, kisha kwenye kuta za theluthi ya juu. Brashi nyembamba ya mfereji wa shingo haina kazi hapa.

d) Hifadhi. Papsmia ipake kioo na uizamishe kwenye alkoholi papo hapo. Ikikauka hewani, chembe huvimba na hazisomeki. Iache kwa dakika 15 hadi 30. Kioo kiandikwe kwa penseli, maana wino huyeyuka. Sampuli ya HPV koroga brashi ndani ya chupa kama lebo inavyoelekeza. Mashine ya GeneXpert, ambayo wengi wanaijua kwa kifua kikuu, hupima pia HPV kwa takriban saa moja ikiwa na katriji zake, na hutaja aina ya 16 kando na aina nyingine. Aina hiyo ndiyo inayokutwa zaidi kwenye VaIN ya daraja la juu.

e) Kuangalia kwa macho, baada ya sampuli. Sampuli itangulie, kwa kuwa siki na iodini huivuruga. Paka asidi ya asetiki, ngoja dakika 2 hadi 3. Uke hugeuka mweupe polepole kuliko shingo. Kisha iodini, baada ya kuuliza kuhusu mzio. Ngozi yenye afya huwa kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Eneo lisiloshika rangi, la njano ya haradali na lenye mpaka mkali, ndilo la kutilia shaka. Iodini ya zamani iliyoachwa wazi hufifia na kuonesha njano kila mahali, tupa.

f) Zungusha spekulamu. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ya chumbani. Mabawa ya spekulamu hufunika ukuta wa mbele na wa nyuma. Wakati wa kutoa, izungushe nyuzi 90 na uitoe polepole huku ukiangalia mpaka mlangoni. Malizia kwa kidole: uvimbe mgumu chini ya mshono huhisiwa kabla haujaonekana.

Vinavyodanganya macho. Kinyama chekundu laini kwenye mshono, kinachotoa damu kikiguswa, mara nyingi ni nyama ya kupona. Lakini kisipoondoka, kikatwe kipimwe. Cha pili ni kichocho cha sehemu za siri. Kandokando ya ziwa kichocho kilichozoeleka ni cha tumbo, ila ndani zaidi, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga ya Misungwi, Kwimba na Shinyanga, kipo cha mkojo, ambacho huacha mabaka kama chembe za mchanga ukeni pamoja na mishipa ya damu isiyo ya kawaida. Mtu anaweza kuwa na kichocho na VaIN kwa pamoja. Prazikwanteli itolewe, lakini mabaka huweza kubaki baada ya dawa, na dawa isiwe sababu ya kuacha kukata kinyama pale rangi inapotia shaka.

Umefaulu ikiwa mshono wote, pembe mbili na kuta nne vimeonekana na vimeandikwa. Pembe isiyoonekana iandikwe kuwa haikuonekana. "Kawaida" bila maelezo haimsaidii atakayempima mwakani.

Mama, ukitoka utaona uchafu wa kahawia kwa siku moja au mbili. Ni iodini. Hapo ndipo pedi inapofaa.

## Hatua ya 6: Majibu yakirudi

HPV hasi: andika tarehe ijayo kwenye daftari kabla hujatoka getini.

HPV chanya, au papsmia yenye kasoro: unahitaji kolposkopi ya uke, si kurudia siki. Kwa Mwanza ulizia rufaa ya hospitali ya mkoa, Sekou Toure, au ya kanda, Bugando. HPV chanya si saratani, wala si ushahidi kwamba mume ametoka nje juzi. Kirusi huweza kulala mwilini miaka. Tunalisema hili kwa sababu ndoa zimevunjika kwa karatasi hiyo.

Doa likionekana, hukatwa kinyama kidogo. Juu ya uke hisia za maumivu ni chache, kwa hiyo wengi huhisi kubanwa tu. Kolposkopi ikiwa safi kabisa, rudia kipimo baada ya mwaka.

Anayetoka Ukerewe au ng'ambo ya kivuko cha Kamanga aombe sampuli, kolposkopi na kinyama vifanyike safari moja pale inapowezekana, na aache namba mbili za simu. Kama gharama ndiyo kikwazo, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo inayoshughulikia msamaha. Nenda huko kabla ya dirisha la malipo, si baada ya kushindwa.

## Hatua ya 7: Matibabu kwa ufupi

VaIN 1 mara nyingi huangaliwa tu, kwa kuwa nyingi huondoka zenyewe. VaIN 2 na 3 hutibiwa kwa kukata eneo hilo, kwa leza, au kwa krimu maalumu kama imikwimodi au faivu-efu-yu chini ya daktari. Mionzi ya ndani huachwa kwa hali ngumu. Doa lililo kwenye mshono wenyewe kwa kawaida hukatwa, kwa sababu leza na krimu haviwezi kufikia kilichofichwa nyuma yake.

Ugonjwa hurudi mara nyingi. Baada ya matibabu ufuatiliaji unaanza upya, na vile vipimo vitatu, kimoja kila mwaka, vinahesabiwa tangu mwanzo.

## Usingoje tarehe ukiona haya

Damu baada ya tendo la ndoa au bila sababu. Maji yenye harufu mbaya yasiyokoma. Mkojo au kinyesi kupita ukeni. Maumivu ya nyonga yanayozidi. Mguu mmoja kuvimba. Nenda na daftari lako wiki hiyohiyo, hata kama kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa safi.